Kongamano pale UoN, wageni kama 70, alasiri moja wazi. Tuwapeleke wapi?

bi_ratiba

Wadau habari zenu. Niko kwenye kamati ndogo ya kuandaa kongamano pale Chuo Kikuu cha Nairobi (UoN), Main Campus, na mimi ndio nimeangukiwa na kazi ya matembezi ya wageni. Ni watu kama 70, wengi wa mambo ya miji na mazingira, kuna wa Dar na Kampala, wa Addis, wa Lagos, Wajerumani kadhaa na Wahindi, na hatutaki warudi kwao wakisema Nairobi waliona ukumbi na chai ya saa nne tu. Ratiba ina nafasi mbili, Jumatano kuanzia saa saba na nusu mchana hadi dina ya saa moja jioni, na Jumamosi asubuhi kwa wale ndege zao ni za usiku.

Sasa mwenyekiti wetu (namheshimu sana lakini ni mtu wa kuendeshwa, sidhani ashawahi kungoja matatu tangu nianze shule) anataka Jumatano tukodi mabasi mawili makubwa tupeleke watu wote Giraffe Centre, halafu nyumba ya Karen Blixen, halafu Kazuri wanunue shanga, halafu nyama choma, alafu warudi hotelini waoge wavae wafike dina. Mimi naona hapo tutakuwa tumewapeleka kuona Lang'ata Road. Lakini sina kitu kingine cha kuweka mezani na kamati inakaa Ijumaa.

Kuna mtu ashatembeza wageni kwa miguu hapa tao na ikaenda poa? Mnapitia wapi? Na mwongozaji wa ukweli unamjua aje, juu kila mtu kwa mitandao ni mwongozaji siku hizi. Bajeti iko lakini si ya kuchezea. Alafu kuna wenye hawali nyama.

dere_wa_vani

Mwambie mwenyekiti aingie kwa hio basi yeye kwanza 😂

Sikiza. Saa saba na nusu haitakuwa saa saba na nusu, juu kuna mwenye ameenda msalani, kuna mwenye ameshika profesa kwa kona, kuna mwenye amerudi kuchukua chaja, mnatoka saa nane na kitu, mkifika Karen ni saa tisa na hapo Mungu amewapenda, watu 70 washuke, wapange laini, kila mtu apigwe picha akilisha twiga kwa mkono na wengine warudie picha juu walifunga macho, na pale wanafunga saa kumi na moja. Nyumba ya Blixen mtaiona kwa geti. Kurudi, jioni magari mengi yanatoka tao si kuingia lakini hapo Nyayo na Haile Selassie mtakwama tu. Dina ya saa moja mtaila saa mbili na nusu, baridi.

Jumamosi ndio ya gari. Na mimi nikiwa wewe ningepeleka mbuga badala ya Karen, lango linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, Lang'ata Road saa hio iko tupu, saa nne mmemaliza mnatafuta chai. Ni kambuga kadogo, kilomita za mraba 117, lakini iko kama kilomita 7 kutoka katikati ya mji na hakuna mgeni ashaona kifaru na nyuma yake maghorofa akanyamaza. Ndovu hakuna humo, waambie mapema wasikulaumu, labda mbuku wale ndovu mayatima wa Sheldrick wanaonyeshwa saa tano hadi saa sita, mlango ni upande wa Magadi Road na bila kubuku huingii.

Usichukue basi. Vani za paa la kufunguka, watu saba saba, kila mtu na dirisha lake. Tiketi za KWS, hao wenye mbuga, zinalipwa eCitizen, ile tovuti ya serikali, noti zako hazisaidii langoni, na Mjerumani halipi sawa na mtu wa Dar kwa hivyo kusanya majina na pasipoti siku mbili kabla. Nimesimama hapo langoni mara nyingi sana na mtu anatafuta picha ya pasipoti kwa simu huku simba wanaenda kulala. Na chupa za maji za plastiki za kutupa haziingii, zilikatazwa mbugani tangu 2020, wabebe zao.

mwalimu_mstaafu

Binti, mko Main Campus halafu mnatafuta mabasi? Nimefundisha historia hapa mjini miaka mingi na njia hii nimeipita na wanafunzi kila muhula. Nakuandikia kama ninavyoitembea.

Anzeni langoni, Harry Thuku Road. Upande mmoja ni chuo, kilichoanza 1956 kama Royal Technical College kikawa chuo kikuu kamili 1970. Upande wa pili ni National Theatre ya 1952 na hoteli ya Norfolk iliyofunguliwa 1904. Kabla hamjasema lolote, waulizeni wageni barabara hii imepewa jina la nani. Wengi wamelala hapo hapo Norfolk na hawajui. Machi 1922 serikali ya mkoloni ilimkamata Harry Thuku kwa kupinga kipande na kodi, watu wakakusanyika nje ya kituo cha polisi wakidai aachiliwe, wanaume wakaanza kulegea na kutaka kurudi nyumbani, ndipo Muthoni Nyanjiru akajitokeza mbele akawaambia chukueni gauni langu mnipe suruali zenu. Umati ukasonga tena. Tarehe 16 wakapigwa risasi na Muthoni akawa miongoni mwa waliokufa. Simulizi nyingi zinasema wazungu waliokuwa wakinywa kwenye veranda ya Norfolk nao walifyatua. Sasa msiwaambie tu, wasimamisheni pale barabarani, mtu aitazame veranda halafu ageuke atazame upande wa Central Police. Ni hatua chache mno. Mgeni aliyesinzia kwenye kikao cha asubuhi huamkia hapo.

Vukeni University Way mwingie Jeevanjee Gardens. Hiyo bustani A.M. Jeevanjee aliwapa watu wa Nairobi mwaka 1906, na 1991 ilipotaka kugeuzwa maduka na maegesho ya magari, mjukuu wake Zarina Patel akaongoza kampeni hadi mpango ukafa. Watu wa miji na mazingira mnao, wapeni robo saa hapo. Wakae kwenye mabenchi wawasikilize wale wazee wa bunge la mwananchi wakipangua baraza la mawaziri. Kama kuna mgeni anayejua Kiswahili, mtu wa Dar kwa mfano, mwacheni aingilie mjadala, ni burudani tosha.

Baada ya hapo ni Biashara Street na maduka yake ya vitenge, zamani ikiitwa Indian Bazaar, kisha City Market, msikiti wa Jamia, na McMillan Library ya 1931 na simba wake wawili wa mawe mlangoni. Jengo la fahari, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Mkumbushe mgeni hilo akiwa amesimama kwenye ngazi, si kabla.

Malizieni Kenyatta Avenue, Kipande House. Ni jengo la 1913, lilikuwa refu kuliko yote mjini hadi miaka ya 1930, leo ni benki. Hapo ndipo mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na kuendelea alisajiliwa, alama za vidole na jina la mwajiri, karatasi ikiwekwa ndani ya kikopo cha chuma akaivaa shingoni. Ile kipande Thuku aliyokuwa akiipinga, mnaona? Mtu ameanza safari na risasi na hajui ni za nini, anakuja kuelewa mwishoni. Kutoka hapo Nairobi Gallery ni karibu, ofisi ya zamani ya PC, yaani mkuu wa mkoa, nayo ya 1913, na ndani kuna mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, yule makamu wa rais wa pili. Watu wanaketi, wanatazama vitu, miguu inapumzika.

Safari nzima haifiki kilomita tatu. Mtashawishika kuongeza National Archives, KICC na bustani ya kumbukumbu ya bomu la 1998. Msiongeze. Hiyo ni njia nyingine ya siku nyingine, na ile ya bomu haifai kubanwa kati ya soko na chai.

shiro_wa_ngara

Mwalimu nimesoma hii yote nikiwa kwa matatu nikapitisha steji. Lakini mwalimu hajasema choo!! Watu 70 wametoka kula lanchi. Wapite choo cha chuo kabla ya geti, na kingine ni pale mwisho kwa gallery, katikati usitegemee, ama ubebe coins za choo cha kulipia na ujue kuna laini.

Alafu watu 70 wakiingia Biashara Street pamoja si matembezi, ni maandamano, polisi watawauliza kibali. Gawanya vikundi vya watu kumi na wawili hivi, kila kimoja kitoke robo saa baada ya kingine, na viwili vianzie Kipande House virudi nyuma. Hadithi ya mwalimu itageuka lakini mwongozaji mzuri anaijua pande zote.

Beji!! Watoe beji za kongamano shingoni kabla ya kutoka. Ile beji kubwa ya kamba ya bluu na jina na nchi inaambia City Market nzima kwamba huyu hajui bei. Simu pia, si ati tao ni ya kuogopa hivyo, mimi nimekulia hapa, lakini mtu amesimama pembeni ya barabara ameinua simu juu anapiga picha ya ghorofa na bodaboda inapita, hio simu ameshaaga. Asimame ndani kidogo, apige, aweke kwa mkoba, mkoba mbele. Central Police wasipige picha, askari wasipige, na yule mama wa mboga aulizwe kwanza kama mtu yeyote.

Na waandikie kwa ile barua pepe ya kuwakaribisha kwamba hapa tuko juu karibu mita 1,700, kama kongamano ni Julai wabebe sweta, kila mwaka naona Wazungu na kaptura wakitetemeka pale Kenyatta Avenue wakishangaa Afrika gani hii.

Wasiokula nyama ni rahisi kuliko unavyodhani. Parklands pale Diamond Plaza kuna vyakula vya Kihindi vya mboga vya kila aina na Ngara bhajia ziko. Lakini mimi ningewapeleka kibandani wale chapo madondo, ile chapati imetoka kwa tawa saa hii, mafuta bado yanachemka kwa ukingo, unaikunja mara nne unachota maharagwe yenye mchuzi mzito na kaparachichi kando. Hakuna mnyama ameumia na shilingi mia mbili hazitoki zote. Wenye kula nyama jioni waonje mutura, inakatwa mbele yao kwa kile kibao, chumvi na kachumbari, wakiuliza imejazwa nini waambie wamalize kwanza.

bi_ratiba

Mwalimu asante sana, nimechapisha ulichoandika nikaenda nacho ofisini. Shiro beji ata sikuwa nimefikiria.

Maswali mawili. Kwanza tuna wanafunzi wa kujitolea, si watembeze wao tuokoe pesa? Pili kuna mwanakamati mmoja anasisitiza Kibera, ati ndio wageni wa miji wanataka kuona "Nairobi halisi". Nimekaa kimya kwa mkutano lakini roho haijatulia.

mguu_niponye

Mimi ni mwongozaji wa leseni. Wanafunzi ni wazuri sana wa kuwa nyuma, yani kuhesabu watu na kuhakikisha yule daktari wa Ujerumani hajabaki dukani akinunua kikoi. Mbele weka mtu wa kazi. Mwongozaji halali ana leseni ya Tourism Regulatory Authority, muombe akuonyeshe, hatakasirika. Wengi pia tumefanya mitihani ya KPSGA, chama cha waongozaji wa safari, kuna ngazi ya shaba, ya fedha na ya dhahabu, lakini hapo kuwa macho, mtu anaweza kuwa na fedha kwa kujua ndege na wanyama na hajawahi kusimama mbele ya Kipande House. Mpigie simu umwambie nisimulie Jeevanjee kwa dakika tano. Akikuanzia na "ni bustani nzuri yenye miti" mshukuru ukate.

Na wakati wa kumwita mwambie wageni ni watu wa nini. Ukiniambia ni wa miji na mazingira mimi njia inabadilika, nitasimama zaidi kwa bustani, nitaongea mto Nairobi na maji yake, habari za hoteli nitapita haraka.

Kuna kongamano moja (sitasema la nani) waliniita wakasema watu kumi na tano, wakaja arobaini, nusu saa baadaye, na mwenye kikundi ananiambia nifupishe juu wana kikao. Nilikuwa napiga kelele hadi Moi Avenue walio nyuma wakiangalia simu zao. Malipo nilifuatilia miezi. Kwa hivyo andikieni mtu barua fupi: idadi, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, nusu ya malipo kabla, nusu siku hio hio kwa M-Pesa. Na mkichelewa mjue kitakachokatwa ni njia yenu, mwongozaji ana kikundi kingine.

laini_saba

Kwa hio ya Kibera wacha niseme juu naishi huku. "Nairobi halisi" ni gani? Mimi nikienda kazini Westlands nakuwa bandia?

Shida si watu kuja. Watu wanakuja, wengine ni marafiki zetu. Shida ni ile ya vani mbili kusimama kwa reli, watu wanashuka na kamera, mtoto anaogeshwa kwa beseni nje ya mlango anapigwa picha, mama yake hajaulizwa jina, dakika arobaini wameenda na zile pesa zote zimeenda na vani. Hio ukiniuliza nakataa kabisa. Lakini kama kwa kongamano lenu kuna mtu anaandika kuhusu maji ama vyoo ama nyumba, basi tafuteni kikundi cha wakaazi chenye kinafanya hio kazi, muwaulize kama wanataka wageni, watu sita si 70, wao ndio waongoze, walipwe wao moja kwa moja, na wao pia waalikwe chuo waje wasikize hio mada inayowahusu. Hii ya mwisho hamtafanya, nawajua, lakini nimesema.

Kama hakuna mtu wa hivyo, msikuje. Hamtatukosea.

pedali

Nimechelewa lakini hakuna mtu ametaja Karura na mko na watu wa mazingira?? Jumamosi kwa wale hawataki kuamka saa kumi kwenda mbuga. Msitu wa zaidi ya hekta 1,000 ndani ya jiji, kuna maporomoko, mapango ya Mau Mau, baiskeli za kukodi. Na una hadithi inayounganisha na chuo, Wangari Maathai alikuwa mhadhiri hapo hapo UoN, Januari 1999 akapigwa akapasuliwa kichwa akijaribu kupanda mti Karura wakati wenye nguvu walikuwa wameshagawana viwanja, na mwezi huo huo wanafunzi wa chuo wakatoka barabarani kwa ajili ya msitu. 2004 akapata Nobel. Hawa wageni wako watakuwa wamekaa siku tatu kwa hizo kumbi, nadhani watataka kujua.

Wavae viatu vya kufunga, njia ni za udongo, mvua ikinyesha usiku baiskeli zinateleza. Matatu 106 ama 107 zinapita Limuru Road lakini na wageni chukua gari tu.

dere_wa_vani

Pedali umenena, na Karura haina haja ya vani za paa, basi ndogo ya 33 inatosha, bei ni karibu nusu.

bi_ratiba

Haya, kamati imekaa. Jumatano ni kwa miguu, vikundi sita, waongozaji watatu wa leseni kila mmoja anazunguka mara mbili, wanafunzi nyuma. Jumamosi mtu anachagua mwenyewe, mbuga ama Karura, anajaza fomu wakati wa kujiandikisha na pasipoti anaweka hapo hapo. Kibera imetoka kwa ratiba. Kuna mama mmoja wa Kampala ana utafiti wa vyoo vya mitaa na nimemuunganisha na watu wa huko wataongea wenyewe, na laini_saba, hao wamepewa nafasi ya kuongea siku ya pili, dakika ishirini, nilipigania hio kama mtu wa makanga na chenji.

Mwenyekiti alikubali yote alafu mwisho akauliza, na twiga? Nikamwambia mbugani twiga wako, na hawalishwi kwa mkono. Akanyamaza kidogo akasema basi weka picha ya twiga kwa bango.

Swali la mwisho, kuna mgeni mmoja anatumia kiti cha magurudumu. Njia ya mwalimu ataweza?

mguu_niponye

Jeevanjee ndani ataweza, Biashara Street hapana, lami ya pembeni imekatika na magari yanapaki juu yake, na ngazi za McMillan ni nyingi. Nilishapeleka mgeni hivyo: unaanza naye Harry Thuku Road na Jeevanjee, halafu teksi inamchukua upande wa Muindi Mbingu inamshusha Kenyatta Avenue, anangojana na kikundi chake Kipande House. Mpe mwanafunzi mmoja wa kwenda naye anayejua hadithi ya katikati, wasimulie ndani ya gari. Muulize yeye mwenyewe kwanza lakini, anaweza kuwa anajua mambo ya barabara mbovu kutuliko sote.

dere_wa_vani

Teksi mwambie asimame upande wa kushoto wa Muindi Mbingu, si mbele ya soko, kanjo, wale askari wa jiji, wako hapo kila saa.